Shajara ya mradi: kurekebisha vichwa vya kurasa za tovuti ya kitalu, Julai hadi Novemba 2024

Shangazi yangu ana kitalu cha miche ya matunda nje kidogo ya mji wa Njombe. Parachichi ndiyo mengi, halafu matufaa na mapichisi. Mimi ndiye ninayeitunza tovuti yake, inayoendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, yenye kurasa 41. Naiweka shajara hii ili mwenye tovuti ndogo kama yetu aone tulikopita, hasa tulikokosea, asije akarudia.

Ninaposema kichwa nakusudia ule mstari mkubwa unaobonyezwa kwenye matokeo ya Google. Ndani ya kodi ya kila ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga, kuna tegi (alama) iitwayo title, na kwa miaka mitatu niliamini kwamba ninachoandika humo ndicho watu wanachokiona.

8 Julai 2024. Mteja wa Makambako

Leo asubuhi amefika mzee mmoja kutoka Makambako, kilomita kama 60, na gari dogo la kukodi na hela ya miche 150 ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine. Amehesabu kwa Sh 2,500 kila mche. Bei yetu ni Sh 4,000 tangu msimu uliopita. Shangazi alipomwambia, mzee akatoa simu akamwonyesha: matokeo ya Google, jina la tovuti yetu, na chini yake maneno makubwa, "Miche ya parachichi Sh 2,500 tu". Ukurasa wenyewe hakuufungua. Namba ya Shangazi alishapewa na jirani yake, na hiyo bei ameisoma kwenye Google, akaona inatosha.

Shangazi alimwuzia kwa Sh 2,500. Alisema, "Mwanangu, bei imeandikwa kwa jina letu, siwezi kumrudisha mzee wa watu mikono mitupu." Tofauti ni Sh 225,000. Naiandika hapa kama gharama ya kwanza ya mradi, na nadhani itabaki kuwa kubwa kuliko zote.

Nimekaa na ukurasa ule jioni nzima. Jedwali la bei ni sahihi, Sh 4,000. Ile 2,500 sikuiona popote kwenye simu, mpaka nilipoazima kompyuta. Kumbe juu kabisa kuna bango la ofa ya mwaka 2022. Kiolezo cha tovuti, yaani ule muundo wake uliotengenezwa tayari, hulificha kwenye skrini ndogo, nasi hatuangalii tovuti ila kwa simu. Kwenye kodi lipo, tena limewekwa ndani ya tegi ya h1, ambayo ni tegi ya kichwa kikuu cha ukurasa. Na title? Ukurasa wa bei ulinakiliwa kutoka ukurasa wa mwanzo, kwa hiyo title yake imebaki neno moja la kiolezo: "Home". Google imekutana na neno lisiloeleza chochote, ikaenda kuchukua maneno makubwa yaliyokuwa karibu.

10 Julai. Nimeufunga ukurasa wa bei

Shangazi ana hofu kwamba kesho atatokea mwingine. Nimefuta bango, na kwa usalama nimeongeza mstari kwenye faili la robots.txt unaoikataza Google kuingia ukurasa wa bei mpaka nitakapomaliza kuupanga upya. Dakika tano tu.

24 Julai. Kufunga kumeharibu zaidi

Nilitarajia ukurasa wa bei utoweke kwenye matokeo. Bado upo, na sasa kichwa chake kinasomeka "Bonyeza hapa". Chini yake Google imeandika kwamba haina maelezo ya ukurasa huu.

Nimetumia siku mbili kuelewa, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo, maana kosa hili ni rahisi sana kulifanya. Faili la robots.txt huizuia Google kuusoma ukurasa. Haliizuii kuuorodhesha. Google inaujua ukurasa ule kwa sababu kurasa nyingine zinauelekeza kwa viungo, na ikiwa hairuhusiwi kuingia ndani, huokota kichwa kutoka kwenye maneno ya viungo hivyo. Kurasa zetu 17 zinaupeleka msomaji kwenye bei, na karibu zote zinasema "bonyeza hapa". Yaani niliiomba isisome nilichokuwa nimeshakirekebisha.

Mtu anayetaka ukurasa utoke kabisa kwenye matokeo anaweka agizo la noindex ("usiorodheshe") ndani ya ukurasa, na anauacha wazi. Akiufunga kwa robots.txt, Google haitaliona hilo agizo. Mimi sitaki utoke, nataka usomeke vizuri. Kwa hiyo nimeondoa ule mstari, nimeandika title mpya, h1 mpya, na kwenye zile kurasa 17 nimebadilisha "bonyeza hapa" kuwa "bei ya miche ya parachichi". Kisha nimeingia Search Console, chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti, nikakagua anwani ya ukurasa na kuomba isomwe upya.

Bando la wiki hizi mbili: Sh 10,000.

2 Agosti. Daftari la kaunta

Siku ya nne baada ya ombi, kichwa cha ukurasa wa bei kilibadilika. Sasa ni kile nilichokiandika. Nimemwonyesha Shangazi, akaomba niangalie na hizo nyingine 40.

Search Console haina ripoti ya kuonyesha vichwa vinavyotokea kwenye matokeo. Inaonyesha mambo kama maneno yaliyotafutwa na mibofyo, si vichwa. Kwa hiyo nimenunua daftari la kaunta, nikapiga mistari minne: title tuliyoandika, h1 iliyopo, kichwa kilichoonyeshwa, na kilikotoka. Nimetafuta ukurasa mmoja mmoja kwa simu. Imechukua jioni tatu.

Katika kurasa 41, zilizoonyesha title yetu kama ilivyo ni 12 tu. Nilikasirika, halafu nikasoma historia na hasira ikapungua. Google ilikuwa ikibadilisha vichwa tangu 2012, wakati huo ikitegemea pia maneno aliyotafuta mtu, hivyo ukurasa mmoja ungeweza kuwa na vichwa viwili kwa watu wawili. Mnamo Agosti 2021 ilileta mfumo mpya usiofuata maneno ya mtafutaji. Unatafuta kichwa kimoja kinachoueleza ukurasa mzima. Wenye tovuti walilalamika sana mwezi ule, na Septemba 2021 Google ikasema imerekebisha, na kwamba title ya mwenye ukurasa sasa inatumika kwa takriban asilimia 87 ya matokeo, kutoka takriban 80. Swichi ya kuuzima mfumo huo haipo. Vyanzo inavyochota ni title yenyewe, h1 na vichwa vidogo, maneno makubwa yanayojitokeza, maneno ya og:title (tegi ya kichwa cha kadi inayotokea kiungo kikitumwa kwenye mitandao), na maneno ya viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa.

Asilimia 87 duniani, sisi 12 kati ya 41. Hapo nilielewa kwamba tatizo liko kwetu.

Mfano mmoja ulinigusa. Tuna ukurasa wa ratiba ya kupokea oda. Title yake bado ilisema 2022, kwa kuwa niliisahau, ila h1 niliisahihisha kuwa 2024. Google imeonyesha 2024. Imemwambia mkulima ukweli ambao mimi nilishindwa kumwambia.

6 Agosti. Jaribio la kwanza

Nimeandika title mpya kwa kurasa zote 41. Fundi mmoja wa tovuti alinishauri nijaze kila neno ambalo mtu anaweza kulitafuta, nami nikafuata. Mfano: "Miche ya parachichi, miche ya Hass, miche bora Njombe, parachichi Tanzania, bei ya miche ya parachichi, kitalu". Nimebadilisha maneno mawili matatu tu kutoka ukurasa hadi ukurasa.

27 Agosti. Jaribio la kwanza limeanguka

Nimerudia daftari. Kurasa 14 zinaonyesha title yangu, imekatwa katikati kwa nukta tatu, na kilichobaki kabla ya kukatwa kinafanana kote, "Miche ya parachichi, miche ya Hass...". Mtu hawezi kujua upi ni wa bei na upi wa magonjwa. Kurasa 8 zimepewa maneno ya vichwa vidogo. Na kurasa 19 zimepewa jina la kitalu peke yake. Ukurasa wa kubebesha, jina la kitalu. Ukurasa wa kipimo cha shimo, jina la kitalu. Hali ni mbaya kuliko ilivyokuwa Julai.

Kwa nini jina la kitalu? Nimefungua kodi ya kurasa tano na jibu likawa lilelile: kiolezo kimeiweka nembo yetu ndani ya h1, kwenye kila ukurasa. Mada halisi, kama "Kubebesha parachichi", niliiandika mimi kwa herufi nzito za kawaida ndani ya aya, kwa sababu kwa macho ilionekana sawa. Kwa mashine inayosoma kodi, ukiacha chache kama ule wa bei na wa ratiba, kurasa zetu zote zilikuwa na kichwa kikuu kimoja, jina la kitalu. Nilipoijaza title maneno mpaka isieleweke, Google ikageukia h1, na h1 haikuwa na la kuieleza.

Wiki tatu zimepotea. Mvua hapa huanza Novemba, na watu huanza kutafuta miche kabla ya hapo.

9 Septemba. h1 kwanza

Fundi mwingine amerekebisha kiolezo kwa Sh 90,000: nembo sasa ni nembo tu, na jina la ukurasa ninaloliandika kwenye WordPress ndilo linaloingia kwenye h1. Kazi ya saa mbili. Ningeijua mapema ningeifanya mwenyewe, lakini niliogopa kuiangusha tovuti nzima karibu na msimu.

Kisha nimeandika title zote upya, safari hii kwa kukaa na Shangazi. Nilimwuliza swali moja kwa kila ukurasa: mtu akikupigia simu kuhusu jambo hili, anaanza kwa kusema nini? Majibu yake yamekuwa title nzuri kuliko zangu zote:

"Bei ya miche ya parachichi Hass, msimu wa 2024/25"
"Nafasi ya kupanda parachichi na kipimo cha shimo"
"Kubebesha parachichi: hatua na vifaa"
"Miche ya matufaa Njombe: aina tulizonazo"

h1 inasema jambo lilelile, ikirefushwa kidogo pale inapofaa. Google haijaweka kikomo cha herufi. Hukata kulingana na upana wa skrini. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, na "Jinsi ya kufanya" peke yake hula nafasi kubwa bila kutaja mada. Kwa hiyo nimeondoa "Jinsi ya" kwenye kurasa 11 na kuanza na jambo lenyewe.

Bei kwa tarakimu haitaingia tena kwenye title wala h1. Hilo Shangazi ameliamua, nami nakubaliana naye. Tunaandika neno "bei" na msimu, tarakimu zinakaa kwenye jedwali. Title ya leo inaweza kubaki kwenye matokeo wiki kadhaa baada ya kubadilishwa, na mtu anaweza kupanga safari kwa kuisoma.

Kurasa tatu za Hass zilikuwa zinarudia maneno yaleyale. Nimeziunganisha kuwa moja na kuzielekeza mbili za zamani kwake. Sasa ni kurasa 39.

21 Septemba. WhatsApp inasema jingine

Shangazi alituma kiungo cha bei kwenye kundi la wakulima, na kadi iliyotokea ikasema "Home". Kwenye Google ukurasa uleule una kichwa sahihi. Nilidhani ni kumbukumbu ya simu, nikapoteza jioni.

Kadi ya WhatsApp inachukua og:title, tegi nyingine kabisa ambayo plagini yetu (programu ya nyongeza ya WordPress) iliijaza siku tovuti ilipoanzishwa na haikuigusa tena. Kurasa 23 zilikuwa na og:title ya zamani. Nimezifuta zote ili plagini iichukue title mpya yenyewe. Ujumbe ambao ulishatumwa unabaki na kadi ya zamani, kwa hiyo nimemwomba Shangazi aufute na kuutuma tena.

Og:title ni mojawapo ya vyanzo vya Google pia, kwa hiyo kuziacha zikipingana na title ilikuwa ni kuendelea kuipa sababu ya kutilia shaka. Katika biashara kama yetu, ambapo wateja wengi hufika kwa viungo vya WhatsApp, ningeanza na tegi hii mwezi Julai.

5 Oktoba. Jina la tovuti, na ukurasa wa Kiingereza

Juu ya kila kichwa kwenye matokeo Google huweka jina la tovuti. Utaratibu huo ulianza Oktoba 2022 kwenye simu. Kwetu ilikuwa inaonyesha anwani ya tovuti tu. Nimeongeza kwenye ukurasa wa mwanzo kipande kifupi cha data, aina ya WebSite, chenye jina la kitalu na anwani. Kinakaa ukurasa wa mwanzo peke yake. Baada ya siku tisa jina likatokea. Kwa kuwa jina lipo juu, nimeliondoa mwishoni mwa title za ndani, na nafasi hiyo imepewa mada.

Jambo la pili ni lugha. Kurasa mbili za Kiswahili zilikuwa na title ya Kiingereza, "Avocado Seedlings", kwa imani kwamba wanunuzi wa nje watatupata. Google ilizionyesha kwa Kiswahili, ikichukua h1. Tangu Juni 2022 inaangalia kama lugha ya title inalingana na lugha ya maandishi ya ukurasa, na zikitofautiana inaweza kutengeneza kichwa kwa lugha ya ukurasa. Naona ni haki. Mtu anayebonyeza maneno ya Kiingereza akakuta aya za Kiswahili amedanganywa, na kinyume chake vilevile. Nimezirudisha Kiswahili. Ukurasa mmoja wa Kiingereza tulionao una title, h1 na maelezo ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Nimejifunza pia kutoka Search Console kwamba watu wengi wanatafuta "mbegu za parachichi" wakimaanisha miche. Sikuliweka "mbegu" kwenye title ya bei kwa kuwa hatuuzi mbegu. Nimeandika ukurasa mpya mfupi unaoeleza kwa nini tunauza miche iliyobebeshwa, na title yake ni "Mbegu za parachichi au miche iliyobebeshwa?" Hivyo kurasa ni 40.

26 Oktoba. Hesabu ya tatu

Kurasa 34 zinaonyesha title kama nilivyoiandika. Nne zimekatwa mkiani, ila mada inasomeka kabla ya kukatwa, nitaziacha. Mbili zimebadilishwa.

Ya kwanza ni ukurasa wa kuoza kwa mizizi, ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora. Google imeupa kichwa "Dalili". Neno hilo ni kichwa kidogo, lakini nililiandika kwa herufi kubwa kuliko h1 ili mkulima aanze nalo. Hapa nadhani Google imekosea, maana mtu hawezi kujua ni dalili za nini. Nimepunguza ukubwa na kuandika "Dalili za mizizi kuoza".

Ya pili ni ukurasa wa matufaa, ambapo imechukua maneno ya kiungo kutoka ukurasa mwingine, "Angalia matufaa". Nimerekebisha kiungo.

Bing, injini nyingine ya utafutaji, nayo hubadilisha vichwa kwa namna yake, na DuckDuckGo, ambayo pia ni ya utafutaji, hutegemea Bing kwa sehemu kubwa ya matokeo yake. Nimesajili tovuti kwenye chombo cha Bing na kuwasha IndexNow kwenye plagini, ambayo huijulisha Bing ukurasa unapobadilika. Huko vichwa vilifuata ndani ya wiki.

14 Novemba. Mvua zimeanza

Bei imepanda kuwa Sh 4,500 tangu tarehe 1. Nilibadilisha jedwali peke yake, kwa kuwa tarakimu hazipo kwingine. Kisha nikafungua ukurasa kwa simu na kwa kompyuta, nikatafuta "2,500" na "4,000" ndani ya kodi nzima. Hazimo.

Ukurasa wa mizizi sasa una kichwa sahihi. Wa matufaa bado unasema "Angalia matufaa". Nimeomba usomwe upya mara mbili, nitaukagua tena tarehe 28.

Gharama mpaka leo: tofauti ya bei ya mzee wa Makambako Sh 225,000, fundi wa kiolezo Sh 90,000, bando Sh 31,000, daftari la kaunta Sh 3,000. Jumla Sh 349,000.